Bao la Mkonze: Hatari moja mbaya kuliko mbili

Kuna kanuni moja kwenye bao la kete ambayo shabiki wa mpira akiisikia mara ya kwanza anadhani anapigwa kamba. Kwa lugha nyepesi inasema hivi: shimo lako moja likiwa hatarini kuliwa, huruhusiwi kulihamisha. Yakiwa mawili, unaruhusiwa. Yaani anayetishiwa sehemu moja yupo pabaya kuliko anayetishiwa sehemu mbili.

Inaitwa takasia. Ndiyo inayowatenganisha watu wanaocheza bao kupoteza muda na wale wanaoitwa mafundi.

Mkonze, kata iliyo pembezoni mwa Jiji la Dodoma ukishika barabara ya Iringa, ni mahali pazuri pa kuelewa kwa nini kanuni ya namna hii haikosi ubishi. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, maeneo ya pembezoni yamekuwa yakipokea watu wa kila aina. Yumo mtumishi aliyetoka Dar es Salaam, fundi ujenzi wa Singida, mfanyabiashara wa Kondoa, dereva aliyekulia Tanga. Kila mmoja anakuja na bao lake kichwani, na si kila bao lina kanuni zile zile.

Kwa hiyo jua la jioni likishalegea na ubao ukawekwa kati, kabla kete ya kwanza haijaguswa, kuna swali moja lazima liulizwe: tunacheza na takasia au bila?

Kwa shabiki wa Simba au Yanga swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Ngoja kwanza vita yenyewe ieleweke.

JESHI LA KETE 64

Bao ni vita, na kila kitu ndani yake kinaongea lugha ya vita. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji anamiliki safu mbili na kete 32, ambazo kwa desturi ni komwe. Safu ya mbele ndiyo uwanja wa mapambano, ya nyuma ni kambi.

Kete hazina rangi. Hilo ndilo jambo ambalo mtu aliyezoea drafti linamchanganya. Askari uliyemteka kwa adui anageuka wako papo hapo, na unamtumia kumpiga aliyekuwa bosi wake sekunde hiyo hiyo. Ni kama mchezaji asajiliwe dakika ya 60 na klabu pinzani, avue jezi pale pale, na dakika ya 61 awe amefunga.

Kila mtu anaanza na kete kumi ubaoni. Sita zinakaa kwenye nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Nyingine 22 zipo mkononi. Hatua ya kwanza inaitwa kunamua, ambapo kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi. Zikiisha ndipo inaanza hatua ya mtaji, mnacheza kwa kilichopo ubaoni tu.

Kula ni hivi. Kete yako ya mwisho ikidondoka kwenye shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo nalo lina kete, umekula. Unazibeba zote za mwenzako na kuzisambaza upande wako kuanzia shimo la pembeni, linaloitwa kichwa. Ya mwisho ikikuta hali ile ile, unakula tena. Ikikuta shimo lenye kete lakini mbele yake hakuna kitu, unazoa zilizomo unaendelea na safari. Ikikuta shimo tupu, unalala. Zamu imeisha.

Ukimaliza safu ya mbele ya mwenzako, umeshinda. Vile vile ukimkosesha pa kuchezea.

Na hapo hapo makocha wa kupaki basi wangepata shida. Unaweza kuwa na kete 20 zimejazana safu ya nyuma, jeshi zima lipo salama kambini, lakini kama safu ya mbele ni tupu umefungwa. Bao halina suluhu ya bila kufungana. Na anayemalizwa kabla hajaingiza kete zake zote, yaani amefungwa na askari bado wapo mkononi, huyo kijiwe hakimsahau. Ni sawa na kula tano kabla ya mapumziko.

PENYE MTAJI, KULA NI LAZIMA

Kanuni kubwa kuliko zote kwenye bao ni fupi: penye kula, lazima ule. Huna ruhusa ya kusema "hii nakuachia". Ukiwa na sehemu mbili za kula unachagua. Ukiwa na moja, huchagui kitu.

Anayejifunza anaiona kanuni hiyo kama zawadi, kwa sababu kula ni kutamu. Fundi anaiona kama kamba ya kumfunga mwenzake.

Mashimo mawili ya mwisho kila upande wa safu ya mbele yanaitwa kimbi. Ukianza kula katikati ya ubao, una uhuru wa kuchagua kusambaza kutoka kushoto au kulia. Ukila kwenye kimbi, uhuru huo haupo. Lazima uanzie kichwa cha upande ule ule.

Sasa mwamba anafanyaje? Anakuachia kete mbili tu mbele ya kichwa chako cha kushoto, na anahakikisha kwingine kote huna cha kula. Umelazimika kula. Umelazimika kuanzia kushoto. Idadi ni mbili. Kwa hiyo anajua kete yako ya mwisho itaangukia shimo la pili kabla hata hujanyoosha mkono. Kama shimo hilo lilikuwa tupu, umelala hapo, na zamu ni yake akiwa ameshapanga atakula wapi. Amekupa mbili, anachukua kumi.

Watazamaji wasiojua wanamcheka yule aliyeacha kete zake zikaliwa. Wanaojua wananyamaza na kusogea karibu.

Drafti, ile ya vizibo vya soda ambayo haikosekani kijiwe chochote cha nchi hii, inaishi kwa ujanja huo huo. Unatoa kizibo kimoja bure, mwenzako analazimika kuruka, njia inafunguka, unaruka viwili au vitatu na kwenda kuchukua kingi. Kwenye mpira kinachokaribiana nayo ni ile presha ya mtego. Timu inambana kila mtu isipokuwa beki mmoja mwenye mguu mzito, mpira unamfikia kwa sababu hakuna pengine pa kwenda, halafu wanamrukia watatu. Tofauti ni kwamba beki ana hiari ya kubutua mpira jukwaani. Mcheza bao hana jukwaa.

NYUMBA INAYONENEPA

Shimo lenye heshima kuliko yote ni nyumba. Ikiwa bado haijachezwa na ina kete sita au zaidi, inapewa upendeleo ambao shimo jingine halina. Kwenye hatua ya kunamua, ukiwa unakula na kete ya mwisho ikadondoka nyumbani kwako, unachagua mwenyewe: ulale hapo uilinde, au uibebe yote usafiri nayo ubao mzima. Ukishaisafirisha, hadhi imekwisha na haitarudi.

Ndiyo maana wengi wanaing'ang'ania. Wanailimbikiza, inafika kumi, kumi na mbili, kumi na nne, wanajiona matajiri.

Kumbe kuna kamstari kadogo kwenye kanuni. Katika hatua ya mtaji, shimo lenye kete zaidi ya 15 haliruhusiwi kuanzisha kula. Ukifikisha 16, lile jeshi kubwa kuliko yote ubaoni haliwezi kuongoza shambulizi. Mpinzani mwenye akili hahangaiki hata kulizuia lisikue. Anakuacha ujaze.

SASA TAKASIA YENYEWE

Tuseme mwenye jezi nyekundu anacheza na mwenye jezi ya kijani, na wapo hatua ya mtaji. Mwekundu hana cha kula. Kwa kanuni anatakiwa kutakata, maana yake anacheza kete zake mwenyewe bila kula, kama timu inayopiga pasi za nyuma kusubiri nafasi.

Anatakata. Akimaliza, ubao unasomeka hivi: Kijani naye hana cha kula, ila Mwekundu zamu ijayo anaweza kula shimo moja la Kijani. Moja tu. Lina kete saba.

Kwenye mchezo wowote wa akili ya kawaida Kijani angeziinua zile saba azisambaze, hatari imekwisha. Takasia inamwambia hapana. Shimo limetakasiwa. Lisiguswe. Acheze kwingine.

Anacheza kwingine, na kwa sababu kutakata kwake hakuwezi kubadilisha chochote upande wa Mwekundu, shimo lake linabaki pale pale likisubiri kuliwa. Mbaya zaidi, kete zake zikipita hapo zinaliongeza. Hata ya mwisho ikidondokea humo, haruhusiwi kuzoa. Zamu inaishia hapo. Saba zinakuwa nane. Anamnonesha ng'ombe wa mwenzake.

Hapo ndipo kile kioja cha mwanzo kinapoanza kueleweka. Kama kutakata kwa Mwekundu kungetishia mashimo mawili, takasia isingekuwepo, na Kijani angeokoa lililo kubwa na kuliacha dogo lifie mbali. Kwa hiyo fundi wa kweli akiwa na uwezo wa kutisha sehemu mbili anaweza kukataa. Anapunguza vitisho vyake kwa makusudi, abaki na kimoja, kwa sababu kimoja kina kufuli na viwili havina.

Na Kijani naye si bwege. Kanuni inataja mashimo yasiyoweza kutakasiwa: nyumba ambayo bado haijachezwa, shimo ambalo ndilo pekee lenye kete kwenye safu yote ya mbele, na shimo ambalo ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja. Mjanja anayenusa takasia mapema anasambaza safu yake ya mbele ibaki na kete moja moja, kasoro shimo moja. Anayemwona anasema jamaa amekwisha, hana jeshi. Kumbe unyonge ule ndio ngao yake. Shimo lake nono halikamatiki kwa sababu hana jingine la kuchezea.

Haya yote yanapigwa kwa kichwa. Fundi hahesabu kwa kidole wala hajaribu kete aone itaangukia wapi. Mholanzi Alex de Voogt aliwafuatilia mafundi wa Zanzibar na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima, Limits of the Mind, kuhusu namna watu hao wanavyozungusha kete kichwani bila kuzigusa. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeiongoza nchi ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, naye alikuwa mcheza bao. Haishangazi. Mchezo unaokufundisha kumlazimisha mtu afanye kitu akidhani ni hiari yake unamfaa mwanasiasa.

Na huku Ugogo akili hiyo ni ya zamani. Misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita hapa ikiwa na bunduki na mamia ya wapagazi, lakini nchi ni kavu na visima vilikuwa na wenyewe. Watemi walitoza hongo. Msafara ungeweza kuwa na jeshi kubwa kuliko la mtemi na bado ukalipa, kwa sababu ulikuwa unatishiwa sehemu moja tu, na sehemu hiyo ilikuwa maji.

WALIOJIFUNGA ILI WASHINDE

Soka nayo ina takasia zake, ila kwa kawaida zinagunduliwa siku ya mechi.

Mfano usiozeeka ni wa Januari 27, 1994, Barbados dhidi ya Grenada, kufuzu Kombe la Karibiani. Barbados walihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili. Waandaaji walikuwa wameweka kanuni mbili za ajabu: hakuna mechi kuisha sare, na bao la dhahabu la muda wa nyongeza linahesabiwa mawili.

Barbados waliongoza 2-0. Dakika ya 83 Grenada wakapata moja, ikawa 2-1, matokeo yanayowapeleka Grenada. Barbados wakahangaika kutafuta la tatu, wakaona muda unakwisha. Dakika ya 87 beki Terry Sealey na kipa wake Horace Stoute wakagongeana pasi kidogo langoni kwao, kisha Sealey akautia mpira wavuni mwake. 2-2. Sasa mechi inakwenda nyongeza, na bao moja la huko linatosha kuwapa tofauti ya mawili.

Grenada walishtuka, wakaelewa. Kwa dakika zilizobaki walitaka kufunga popote, goli la Barbados au la kwao wenyewe, kwa sababu 3-2 kwa upande wowote iliwapitisha. Barbados wakawa wanalinda magoli yote mawili ya uwanja. Soma tena sentensi hiyo. Kwenye nyongeza Barbados wakapata bao la dhahabu, ikaandikwa 4-2, wakafuzu. Hawakuadhibiwa, maana hakuna kanuni waliyoivunja.

Linganisha na Thailand na Indonesia, Agosti 31, 1998, Kombe la Tiger. Wote walikuwa wameshafuzu nusu fainali, na hakuna aliyetaka kushinda kwa sababu mshindi angekwenda Hanoi kukutana na wenyeji Vietnam. Dakika za mwisho Mursyid Effendi wa Indonesia akajifunga makusudi, Thailand wakashinda 3-2. FIFA ikazitoza timu zote mbili faini, na Effendi akafungiwa maisha kucheza mechi za kimataifa. Nusu fainali zote mbili walipigwa.

Bao lile lile la kujifunga, hukumu tofauti. Mmoja alijifunga ili ashinde, mwingine ili ashindwe. Kijiwe chochote cha bao kingetoa hukumu hiyo hiyo bila kikao.

Na wakati mwingine ujanja wa mtu mmoja unabadilisha sheria ya dunia nzima. Beki Bill McCracken wa Newcastle alikuwa hatari kwa kutega watu waotee, kipindi ambacho mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu mbele yake ili asiotee. Mabeki wengine wakaiga, mechi zikawa filimbi tupu. Mwaka 1925 watatu wakapunguzwa kuwa wawili. Msimu uliofuata mabao ya Ligi Daraja la Kwanza England yaliruka kutoka 1,192 hadi 1,703.

HAPA NYUMBANI TUNAFUNGUA KITABU BAADAYE

Tanzania hatuna uhaba wa ujanja wa kanuni. Kinachokera ni muda unaotumika.

Aprili 2017 Kagera Sugar waliifunga Simba 2-1 pale Kaitaba. Simba wakalalamika kwamba beki wa Kagera alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Wakapewa pointi mezani, kisha uamuzi ukatenguliwa kwenye kamati nyingine, pointi zikarudi Bukoba. Ligi ilipoisha Simba na Yanga walikuwa sawa kwa pointi 68, Yanga wakabeba ubingwa kwa tofauti ya mabao. Pointi tatu zile zilikuwa ubingwa mzima. Kwa wiki kadhaa nchi nzima haikujua matokeo ya mechi ambayo kila mtu aliiona.

Halafu ikaja Machi 2025. Usiku wa kuamkia dabi ya Machi 8, Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakashika kanuni ya 17 kifungu cha 45 inayompa mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi, na kutangaza hawachezi. Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba kunyimwa mazoezi si ruhusa ya kugomea mechi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku ile ile. Yanga walifika uwanjani, wakadai pointi, suala likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS. Mechi ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kutwaa ubingwa.

Ukweli usemwe: kutumia kanuni iliyoandikwa si dhambi. Klabu inayosoma kitabu hadi mstari wa mwisho inafanya kazi yake, na lawama zinamhusu aliyeandika haki bila kuandika kinachofuata haki hiyo ikivunjwa. Kwenye takasia hakuna shimo la namna hiyo. Imeandikwa lini inaanza, inakataza nini, na ni mashimo gani haiyagusi. Ni kanuni ya ajabu, lakini imekamilika.

Tofauti nyingine inauma zaidi. Kwenye bao, anayenaswa na kanuni ni yule aliyekaa kwenye ubao. Alikubali takasia kabla ya kuanza, akanaswa, akacheka au akanuna, zamu ya mwingine. Machi 8 walionaswa ni watu ambao hawakukaa kwenye ubao wowote: shabiki wa mkoani aliyelipa nauli, akalala kwa ndugu, akavaa jezi asubuhi, na mchana akaambiwa hakuna mechi. Nauli yake haina kamati ya kukatia rufaa.

Kijiweni ubishi wa kanuni ni mkali pengine kuliko wa kwenye kamati zetu. Watu wanasimama, sauti zinapanda, mzee anaitwa atoe ushahidi wa bao la zamani. Ila unafanyika kete zikiwa bado hazijapangwa. Ikishakubalika "tunacheza na takasia", aliyetoka Tanga na aliyetoka Singida wote wameingia kwenye kanuni moja, na watazamaji waliozunguka ndio marefa. Ukimkuta mtu anaanza kudai kanuni baada ya kuliwa, huyo hata kiti anapoteza.

SEKUNDE NANE ZA VIDOLE

Anayetaka kuiona takasia inayofuata kwenye soka, aangalie makipa.

Kuanzia msimu wa 2025/26, chini ya mabadiliko ya IFAB, kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, adhabu ni kona. Zamani zilikuwa sekunde sita na adhabu ilikuwa faulo isiyo ya moja kwa moja ndani ya boksi, adhabu nzito kiasi kwamba marefa wengi walifumba macho na makipa wakalala na mpira watakavyo.

Sheria mpya imekuja kuharakisha mchezo. Lakini ndani yake kuna kipengele kimoja ambacho fundi wa bao angekiona haraka: zikibaki sekunde tano, refa ananyanyua mkono na kuhesabu kwa vidole, wazi, uwanja mzima unaona. Yaani anayepoteza muda amepewa saa ya bure. Pale Jamhuri, Dodoma Jiji wakiongoza 1-0 dakika ya 88, kipa hana haja ya kukisia tena. Anakumbatia mpira, anainuka taratibu, anapanga ukuta wake, macho yapo kwenye mkono wa refa. Vidole vinne. Vitatu. Viwili. Kikibaki kimoja, anaupiga.